Mchwa Waliokula Namba Kumi na Tisa

4 Februari

Mdogo wangu Kofia,

Habari za huko? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi ni wazima, isipokuwa cherehani kubwa ambayo imeanza tena kukohoa. Mama ni mzima kupita kiasi: jana kagombana na fundi bomba asubuhi, na muuza maziwa jioni, kisha akala vizuri akalala. Macho tu ndiyo yanamsumbua. Siku hizi mimi ndiye ninayemtungia uzi kwenye sindano, naye hujifanya hajaona. Haya, salamu zimetosha, maana nikiendelea nitapasuka.

NIMEKIPATA!

Kaa chini. Umekaa? Kikosi cha Tochi, namba kumi na tisa, Siri ya Saa ya Stesheni. Watoto watatu kwenye jalada, tochi, na yule mbwa wa sikio moja. Jumamosi nilikwenda kununua vifungo, nikapitia kwa Bwana Vumbi, yule wa vitabu vikuukuu, kumsalimia tu. Natupa jicho chini ya meza yake, nini kimewekwa kuutegemeza ule mguu mfupi? Nikainua meza kwa bega, vitabu vikaporomoka, Bwana Vumbi akapiga kelele, "Mama, unaiba meza?" Nikamwambia siibi meza, naazima mguu wake. Nimemwachia maboksi yangu ya vifungo yaliyokunjwa, na meza sasa imesimama vizuri kuliko mimi.

Rafu imekamilika, mdogo wangu! Moja hadi kumi na nane alizotununulia Baba, ishirini hadi ishirini na nne tulizozisaka wenyewe tukiwa watu wazima na akili zetu, kama ile ishirini na mbili uliyoikuta kwa daktari wa meno, ukakubali jino lako zima ling'olewe ili upate muda wa kumbembeleza muuguzi.

Lakini subiri. Sura ya mwisho imeshonwa. Uzi wa kijani, mishono saba, fundo limepindia kushoto. Ni chetu! Ni kile kile! Nyumba gani nyingine duniani ilikuwa na mama anayeshona sura ya mwisho ili watoto wasichungulie? Kila mtu aandike mwizi ni nani kwenye kikaratasi, vishonewe humo humo, Jumapili ufumuliwe mbele ya wote, na aliyekosea aoshe vyombo wiki nzima. Na Baba akiandika "Mpishi" kila kitabu, hata kile cha pangoni ambamo hamkuwa na mpishi wala jiko, na kila Jumapili akikunja mikono ya shati na kuelekea kwenye beseni.

Jumapili ya kitabu hiki haikufika. Baba aliingia hospitali Alhamisi, hakutoka. Kwa hiyo kikaratasi chake bado kimo. Nikibonyeza kurasa nakisikia.

Mama sijamwambia. Sheria unaijua, uzi haufumuliwi mpaka waliokisia wote wawe mezani. Njoo Agosti.

Na swali moja dogo. Kitabu hiki si kililiwa na mchwa? Wewe ndiye uliyetuambia. Nikaonekana mimi ndiye niliyekiacha sakafuni, nikaosha vyombo mwezi mzima. Mchwa gani hao, wamekila kisha wakakitapika kizima? Nijibu upesi, na usipige simu. Mambo ya Kikosi ni ya barua.

Dada yako


29 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Huku tumejaa kazi, karakana imeletewa mashine mpya ya kusaga lenzi, na bosi haniruhusu niondoke hata kupiga chafya, kwa sababu vumbi la chafya, anasema, huingia kwenye kioo. Mke wangu hajambo. Mkubwa ameota ndevu nne, anazihesabu kila asubuhi. Mvua ipo.

Hongera kwa kitabu. Nimefurahi sana.

Kuhusu uzi, mimi nafikiri tusiharakishe. Akina mama wengi walikuwa na uzi wa kijani. Fundo kupindia kushoto ni jambo la kawaida, hata mimi nafunga hivyo viatu. Ungekiweka tu kwenye rafu, kikae na wenzake, kimestahili kupumzika. Tafadhali usifumue. Karatasi za zamani zinachanika ovyo.

Agosti sidhani kama nitapata ruhusa, kwa sababu ya ile mashine.

Msalimie Mama. Mwambie ndevu ni nne.

Mdogo wako


12 Aprili

Mheshimiwa Mtuhumiwa,

Habari za mashine? Ndevu zimefika ngapi? Mama anasema zikifika kumi atamtumia kitana. Sisi ni wazima, tunashona sare za shule moja yenye bosi mpya ambaye hajui kama anataka mifuko miwili au mmoja.

Nimesoma barua yako mara nne, mara ya mwisho nikitumia tochi mchana, kama wafanyavyo Kikosi. Nimegundua haya.

Wewe, uliyeuza jino lako kwa namba ishirini na mbili, umeandika "nimefurahi sana" kwa nukta, bila alama ya mshangao hata moja. Mtu aliyefurahi haandiki hivyo. Halafu hukuuliza kitabu kina hali gani. Ukurasa gani umepinda, jalada limebanduka au la, hukuuliza! Na Jumapili ulipopiga simu uliongea na Mama dakika kumi kuhusu mvua, nilipopokea mimi laini ikakatika. Laini ina adabu sana, ilisubiri hadi nikasema "hallo".

Ushahidi mwingine ni huu. Nyuma ya jalada kuna mhuri wa zambarau wa Kinyozi wa Kona, yule aliyekuwa na sanduku la kubadilishana vitabu pale watoto walipongojea kunyolewa. Mchwa hawanyoi, mdogo wangu. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye kiti cha kinyozi.

Nimevitoa vyote rafuni ili nifute vumbi kabla ya kumkaribisha mgeni wetu, namba kumi na tisa. Kila kimoja kati ya vile kumi na nane vya Baba kimeangusha tiketi ya basi kuukuu kutoka sura ya mwisho, ya ile njia yake ya kazini. Mzee yule hakuwa akitupa kitu. Nikamkumbuka siku za kitabu kipya, alivyokuwa akifika amechelewa, viatu vimejaa vumbi, kitabu kakificha nyuma ya mgongo kana kwamba hatukioni. Nilicheka, nikalia kidogo, nikarudisha tiketi kila moja mahali pake.

Sema ukweli. Siumi.

Dada wa Upelelezi


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Wazima wote. Ndevu sita.

Sina la kusema kuhusu kinyozi. Vitabu hutembea. Nakutumia brashi laini ya kusafishia lenzi, inafaa kwa jalada, ukipiga taratibu kuelekea nje.

Agosti haiwezekani kabisa.

Mdogo wako


20 Juni

Kofia,

Brashi imefika, ni nzuri, ahsante, na hainihongi.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikasema sitasubiri mshindo, nitaufuata. Nimekwenda kwa kinyozi. Ameacha kazi siku nyingi, anaishi juu ya kile kilichokuwa kibanda chake, ambamo sasa wanatengeneza simu. Yeye mwenyewe hana unywele hata mmoja. Nilimwonyesha kitabu, akakipapasa pale penye uzi, akacheka hadi nikamletea maji.

"Hiki! Watoto walikuwa wanakichukua, wanakirudisha kesho yake. Wanasema mzee, hiki hakina mwisho. Nikawaambia kina mwisho, ila kimevaa nguo. Hakuna aliyethubutu kuukata ule uzi. Walidhani ni dawa."

Nikamuuliza nani alikileta. Akafumba macho.

"Mtoto mmoja na kofia ya sufu, na jua lile! Namwambia chagua kingine, ndiyo desturi, weka kimoja chukua kimoja. Akakataa. Nikamwambia basi nikunyoe bure. Akakataa kuvua kofia. Akatoka mbio."

Kofia ya sufu, mdogo wangu. Mtaa mzima tulikuwa na wangapi?

Sasa sikiliza, mzaha kando kidogo. Nilidhani ulikiuza ukanunua peremende, na nilikuwa nimejiandaa kukucheka mpaka uzeeni. Lakini umetoa kitabu na hukuchukua kitu. Hilo sijalielewa, na kwa mara ya kwanza tangu Februari sina hamu ya kukutania. Una nini?

Dada yako


15 Julai

Dada,

Shikamoo. Hapa wote wazima. Hii ni barua ya tatu, mbili nimezichana.

Ni mimi. Hakukuwa na mchwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Baada ya mazishi, Mama alikuwa akifuta ile rafu kila jioni, unakumbuka? Akifika kwenye kile chenye uzi alikishika, akakirudisha, kisha akaingia jikoni akafungua bomba kwa nguvu ili tusisikie. Wewe ulikuwa na masomo yako. Mimi nilikuwa chini ya meza, nasikia yote. Nikafikiri kwa akili ya miaka tisa, kitabu ndicho kinachomliza. Kikiondoka, atanyamaza. Nikakiondoa. Kinyozi aliponiambia nichague kingine nilihisi kama nimeambiwa nibadilishane Baba.

Kisha Mama akaniuliza kiko wapi, mdomo ukasema mchwa. Wewe ukaosha vyombo mwezi mzima. Je, unakumbuka nani alikuwa anazikausha zile sahani, moja moja, bila kuambiwa? Wewe ulisema nimekuwa na adabu. Ile ilikuwa toba.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa kinyozi, kikawa kimeshachukuliwa. Nikarudi tena na tena, mpaka akawa akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza. Miaka thelathini na tatu sasa. Unajua wewe ulikuwa unakusanya, Dada. Mimi nilikuwa natafuta kimoja. Hata jino lile, nilidhani kwa mbali ni kumi na tisa, nilipofika karibu nikakuta ni ishirini na mbili, na nikashindwa kurudi nyuma maana sindano ya ganzi ilikuwa imeshaingia.

Sasa umekipata wewe, na mimi naogopa kuja. Nilimwibia Mama maandishi ya mwisho ya mumewe. Nitamtazamaje? Usimwambie, nakuomba.

Mdogo wako


9 Agosti

Mdogo wangu, mpenzi wangu, mjinga wangu,

Nimemwambia. Ngoja, usirushe barua!

Barua yako ilinikuta kwenye cherehani. Niliposoma habari ya ganzi nilicheka, na machozi ya kabla yake yalikuwa bado hayajakauka, nikawa nafanya yote mawili kwa sauti. Mama akaingia.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Mchwa wamefufuka."

Akaketi, akasema soma. Nikasoma, nikijaribu kuruka pale pa bomba la jikoni.

"Umeruka," akasema. "Macho yangu mabaya, masikio hayajambo. Rudi."

Nikarudi. Nikasoma yote. Akachambua vifungo, vyeupe huku, vyeusi huku. Kisha akasema, "Kitabu kilikuwa rafuni, si sakafuni. Mchwa gani wanakula kitabu kimoja katikati ya rafu na kuziacha mbao?"

Alijua! Siku ile ile alijua! Nikamwambia kwa nini basi uliniacha nioshe vyombo mwezi mzima? Akanijibu, "Si vilikuwa vichafu?"

Kisha akasimama na kuanza kupanga nguo. Anasema mwanawe anatengeneza miwani ya mji mzima huku yeye anatungiwa uzi, na kwamba mlima ukiogopa kuja, yeye ana miguu. Mimi siwezi kumsindikiza, nina sare mia na arobaini na shule zinafunguliwa (mifuko miwili, wameamua). Kitabu kimo mkobani mwake ndani ya foronya. Basi litafika Ijumaa.

Naambatanisha cheti hiki: Mimi, dada, mwenye akili timamu, namruhusu Mama kukaa kwenye kiti changu wakati wa kufumua uzi. Niandikie kila kitu. Ukiniruka hata mstari mmoja nitajua.

Hukumu yako kwa kosa la mchwa: vyombo, mwezi mmoja, kwangu. Kukausha hakuhesabiwi.

Dada yako


6 Septemba

Dada!

Shikamoo, wazima, ndevu tisa, salamu basi!

Mama alishuka kwenye basi akiwa ameshagombana na dereva na kupatana naye. Hakusema lolote kuhusu kitabu. Jumamosi nilimpeleka karakana, akampa bosi wangu taarifa kwamba pindo la pazia lake limeshonwa na mlevi. Nilimpima mwenyewe, nikamsagia lenzi mwenyewe, ya kushoto nikairudia. Alipoivaa miwani akanitazama muda mrefu. Nikasema moyoni, haya, sasa.

"Kumbe umezeeka," akasema.

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza. "Uliona mtu analia, ukamtafutia dawa. Dawa ilikuwa mbaya. Lakini daktari alikuwa na miaka tisa." Akanirekebisha kola. Dada, nimebeba jambo lile tangu utotoni, na limeisha mbele ya bosi na wateja wawili.

Jumapili mchana tukaketi mezani, cheti chako kwenye kiti chako, na kiti kimoja kitupu ambacho mke wangu alikivuta bila kuulizwa. Mama akatoa mkasi mdogo, akafumua mwenyewe. Mishono saba. Uzi ameuzungusha kidoleni, hajauachia hadi leo.

Vikaratasi vitatu. Kila kimoja kimekunjwa. Sheria: kwanza sura, kisha vikaratasi. Mama akakataa nisome mimi, akasoma mwenyewe kwa miwani mipya, sauti ile ile ya zamani. Kikosi wanawakusanya washukiwa wote jukwaani pa stesheni. Mkata tiketi anatoa jasho. Mwanamke wa mwavuli anazimia. Kisha yule mbwa anamrukia mchukuzi wa mizigo, kofia inamdondoka, na mkuu wa stesheni anapiga ukelele, maana anamtambua. Ni mtu aliyefukuzwa kazi mwaka jana kwenye behewa la chakula.

MPISHI, DADA! NI MPISHI!

Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta na ufagio. Mama alikuwa anapiga meza kwa kiganja. Changu kinasema "Mwanamke wa mwavuli". Chako kinasema "Mkata tiketi, nina uhakika kabisa!!!" Cha Baba, kwa ule mwandiko wake wa kulala, kinasema: "Mpishi. Wiki hii vyombo ni vyenu."

Mama alicheka hadi miwani ikateleza. Nami nikacheka, halafu nikaacha. Kwa sababu Mama alipourudia ukurasa ule wa mbwa, tiketi ya basi ilianguka mezani. Njia ya kazini kwa Baba, imegongwa tarehe. Mama aliitazama akasema ndiyo siku aliyokileta, maana alikishona jioni hiyo hiyo, kama alivyofanya vyote. Na tiketi ilikuwa ndani ya mshono, Dada. Fikiri kama mpelelezi. Nani aliishika sura ile kabla haijashonwa?

Alikuwa anavisoma kwenye basi. Vyote. Hadi mwisho!

Nikamuuliza Mama kama alijua. Akasema yeye alikuwa anashona, angejua nini. Kisha akafikiri, akasema, "Lakini kila alipoleta kitabu kipya alirudi kwa miguu. Alikuwa anapitiliza kituo." Ndilo vumbi lako la viatu.

Mara kumi na nane alimjua mwizi, akaandika mpishi, akakunja mikono ya shati, ili sisi tucheke na tutoke kucheza. Na mara moja, moja tu, wakamletea mpishi kweli. Hebu mfikirie ndani ya basi siku ile, anafika ukurasa ule. Nataka kujua kama alicheka kwa sauti. Nataka kujua abiria wa pembeni alimtazamaje.

Mama anarudi Ijumaa na kitabu.

Mdogo wako


1 Oktoba

Kofia,

Mama amefika salama. Ameshautunga uzi mwenyewe mara thelathini, wa kijani, bila kuwa na cha kushona, ili tu nimwone. Namba kumi na tisa iko rafuni, tiketi yake ndani.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, na nilipofika pa abiria nilikaa sakafuni. Abiria yule natamani ningekuwa mimi.

Sasa, hukumu ya Baba imechelewa lakini haijafutwa. "Vyombo ni vyenu." Mama nimemkataza kugusa hata kijiko. Nimeosha siku saba, peke yangu, mikono ya nguo nimeikunja, na siku ya saba vilipoisha nikatoa vilivyo safi kabatini nikaviosha navyo.

Lakini aliandika "vyenu", si "vyako". Nusu yako nimekuwekea: sahani tatu na sufuria ya uji ulioungua. Ziko kwenye beseni, siziloweki, na jirani ameshauliza nikamwambia ni mambo ya kifamilia. Kila siku zinazidi kukauka.

Njoo uoshe.

Dada yako